Aliyeambiwa Kwanza

Maskati, 14 Januari 2024

Mama yangu Bi Mwatima,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai karatasi hii itakukuta mzima na goti halikusumbui kama mwezi uliopita. Mie sijambo, ila baridi ya huku mwaka huu imeniingia mifupani. Jirani yako Sumaiya mwambie akipiga picha barua zako asimame penye mwanga, mstari wa mwisho sikuuona na nimeuwaza siku mbili. Ningependa kusikia sauti yako kuliko kusoma, lakini nnajua simu na masikio yako hayapatani tena.

Ijumaa nilizungumza na Tahiya. Nilimuuliza habari za skuli, akanijibu, "Mama, Bibi Komba anaumwa."

Nikamuuliza Bibi Komba gani.

"Wa hadithi ya bibi. Anaumwa na hatopona. Atakufa, watamzika, halafu mjukuu wake atakaa na mama yake."

Aliyasema hayo huku anakula, nilisikia anatafuna.

Nisamehe mama kwa kukuuliza. Mtoto ana miaka sita. Baba yake yuko Pemba na mke mwengine, mie niko huku, hana mtu ila wewe. Kwani hadithi za kuchekesha zimekwisha? Mie ulikuwa ukinihadithia sungura mwizi wa karanga mpaka napaliwa kwa kicheko. Huyu kwa nini unamhadithia kifo?

Usikasirike. Ni mbali huku, kila neno nalitafuna sana.

Mwanao,
Zuleikha


Kiponda, 20 Januari 2024

Mwanangu Zuleikha,

Wa alaykum salaam, marahaba. Sisi hatujambo. Goti ni lile lile, linajua mvua kuliko redio. Tahiya anakwenda skuli, viatu vishaanza kumbana. Jina lake anaandika, ila herufi ya h anaipindua.

Hujanikosea kuuliza. Unamkumbuka Mzee Mmanga, aliyekuwa akitengeneza vitasa chini ya ngazi yetu. Alikufa mwezi wa Disemba. Tahiya alikuwa amemzoea, kila akitoka chuo cha Kurani humpitia akapewa peremende. Siku ya maziko akauliza Mzee yuko wapi, wanawake wakamwambia, "Mzee amelala, mwanangu."

Basi mtoto hakulala siku nne. Nikimlaza anakodoa macho, nikiondoka ananifuata. Siku ya tano nikamuuliza, "Unaogopa nini?" Akaniambia, "Nikilala watanizika."

Zuleikha, niliona haya kwa sisi watu wazima sote. Nikaanza tu, kwamba kule Mtoni palikuwa na komba mzee anayejua matawi yote, lililo zima na lililooza, naye ana mjukuu. Siku moja akarukia tawi, mkono ukakosa nguvu. Nikamwambia Tahiya kuna maradhi yanayopona na kuna yasiyopona. Nikamwambia aliyelala anapumua, na aliyekufa hapumui, haumwi, hasikii njaa, wala harudi. Akaniwekea kiganja puani mwangu akasikia pumzi inatoka. Halafu akalala mpaka jua likaingia chumbani.

Tangu hapo kila siku baada ya kula anataka Bibi Komba. Anauliza maswali ambayo hata maalim angeomba muda. Namjibu ninayoyajua, na nisiyoyajua namwambia sijui.

Vaa sweta. Usione haya mbele ya watu wa nyumba.

Mama yako


Maskati, 11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mie nipo, nashukuru.

Barua yako niliisoma nikajiona mjinga. Endelea na komba wako. Ijumaa hii Tahiya kaniambia tawi la mwembe limeoza na mjukuu kalijua kabla ya kuambiwa. Alikuwa anajivuna kama kwamba kalijua yeye.

Sasa nami nakuletea langu. Bibi Ulfat, huyu bimkubwa ninayemtunza, hali yake imekuwa mbaya. Kusimama hawezi tena. Namuosha, namgeuza, namlisha kwa kijiko. Alizaliwa Unguja, aliondoka msichana, Kiswahili chake ni cha zamani na kitamu. Wanawe wote wanajua ugonjwa wake na wote wamekatazana kuutaja. Junaid, mkubwa wao, aliniita sebuleni akanambia, "Ukimwambia mama yangu, umemuua." Kwa hivyo kila anayeingia chumbani humwambia leo uso wako una nuru.

Juzi adhuhuri nilikuwa namkausha miguu. Akaniuliza, "Zuleikha, mie nakufa?"

Nikamwambia, "Hapana, Bibi, ni baridi tu."

Akageuza uso ukutani. Mpaka leo haniulizi kitu, hata maji haniombi.

Nyumba hii ina watu kumi na mmoja, mama, na yule bibi yuko peke yake humo ndani. Nami niko peke yangu nje ya mlango wake. Wewe ungemjibuje?

Mwanao,
Zuleikha


Kiponda, 24 Februari 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila mie nimepungua kidogo, nguo zinanipwaya, Sumaiya kanibania magauni mawili. Ndio uzee.

Habari ya bibi huyo imenikaa rohoni. Mie ningekaa chini kwanza. Mtu akiuliza kama anakufa, mara nyingi keshajua, anatafuta wa kusema naye. Muulize, "Bibi, wewe mwenyewe waonaje?" Kisha nyamaza. Usijaze maneno. Si wewe wa kumpa habari ya ugonjwa wake, hilo ni la wanawe na daktari, lakini uongo usimpe tena. Na ukiona unataka kulia, lia, usikimbilie jikoni.

Bibi Komba sasa anamtembeza mjukuu. Anamuonesha mti gani una matunda mwezi gani, maji yako wapi kiangazi, na mlango wa nani wa kugonga akiwa na shida. Nami nikimaliza hadithi nainuka na Tahiya. Nimemuonesha ufunguo wa kasha unapokaa na bahasha ya cheti chake cha kuzaliwa. Skuli anakwenda na kurudi na watoto wa Sumaiya, mie nabaki dirishani. Siku ya kwanza aligeuka mara sita kuniangalia. Jana hakugeuka.

Niliingia ndani nikakaa. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikafungua redio nisiyoisikia.

Mama yako


Maskati, 15 Machi 2024

Mama,

Ramadhan karim. Sitaki kurefusha salamu leo.

Nimetoka kuzungumza na Tahiya sasa hivi. Kaniambia Bibi Komba ana uvimbe kwenye ini. Nikamuuliza habari ya ini kaijua wapi. Akasema, "Daktari alisema. Nilikuwepo. Bibi Komba ana uvimbe kama wa bibi."

Nikamwambia anipe Sumaiya. Sumaiya akasema simu inakatika, hanisikii. Mie namsikia vizuri, hata adhana ya nyuma yake naisikia. Kisha simu ikazimwa.

Mama, nakuuliza mimi mwanao, si mtoto wa miaka sita. Unaumwa nini?

Zuleikha


Kiponda, 30 Machi 2024

Mwanangu Zuleikha,

Amani iwe kwako. Barua hii sikumpa Sumaiya aipige picha. Nimempa Bi Riyama wa Malindi, anakuja huko kumzuru mwanawe, ili uishike kwa mkono. Ndiyo maana nimekuweka wiki mbili. Nisamehe kwa wiki hizo, nisamehe na kwa miezi iliyopita.

Ni kweli. Ni saratani, inatokana na ini. Niliambiwa mwezi wa Novemba. Tahiya nilikuwa naye, sikuwa na wa kumuachia, nikamkalisha pembeni na kitabu cha picha nikidhani hasikilizi. Daktari alisema kwa upole kwamba ugonjwa ushatambaa, watanipa dawa za maumivu, na muda wangu ni wa kuhesabu kwa miezi. Tulipotoka nje Tahiya akanishika mkono asiuachie mpaka nyumbani. Kwa hivyo ulipouliza mwezi wa Januari kwa nini namhadithia kifo, nilikujibu kweli, ila nilikujibu nusu. Mzee Mmanga alikuwa mwanzo. Nusu ya pili ni mimi.

Kwa nini sikukwambia. Nilijipa sababu nyingi. Mkataba wako mpaka Agosti. Paspoti yako kwa mwajiri wako. Utalia huko peke yako, nani atakushika bega. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilishindwa. Mtoto nilimwambia kwa kuwa tulikuwa na komba kati yetu, tukishindwa kusema bibi tunasema komba. Kwako kila nilipoanza barua niliona nakwambia mwanangu Zuleikha mama yako anakufa, hakuna mnyama wa kujificha nyuma yake, na kalamu naiweka chini. Nimechana karatasi nne.

Maumivu yapo lakini dawa zinasaidia. Nakula uji. Kufunga siwezi mwaka huu, nalipa fidia. Sumaiya usimlaumu, nilimuapisha.

Sasa unajua.

Mama yako


Maskati, 14 Aprili 2024

Mama,

Barua yako nilipewa siku ya Idd, nimevaa nguo mpya ya watu.

Nimeanza kukuandikia kwa adabu mara tatu nikashindwa. Mtoto wa miaka sita amejua miezi mitano kabla yangu. Kila Ijumaa alikuwa ananiambia na mie namcheka. Nilikuwa namuosha mama wa mtu, namtafutia maneno mazuri, nakuomba wewe unifundishe namna ya kusema kweli na mgonjwa, nawe mgonjwa unanifundisha huku unanificha. Ulikaaje na kalamu ukaniandikia ile barua ya Februari?

Nimemuomba Junaid ruhusa. Kasema mkataba unamalizika Agosti na mama yake hawezi kuachwa na mgeni. Nikamwambia na mama yangu anakufa. Akasema Mungu atamponya, usikate tamaa, kisha akaondoka.

Sina la zaidi.

Zuleikha


Maskati, 28 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Hujanijibu. Sumaiya anasema unalala sana, na kwamba barua yangu ulisomewa ukasema nina haki. Sitaki haki mama. Ile barua ichane. Niliandika kwa uchungu, na aliyekuwa karibu na ncha ya uchungu huo ni wewe.

Jumatano nilimgeuza Bibi Ulfat nikaketi chini kama ulivyosema. Nikamwambia, "Bibi, siku ile nilikudanganya. Wewe mwenyewe waonaje?" Nikanyamaza. Kisha akasema, "Naona nakufa, na watoto wangu wananiogopa." Akaniambia mengi. Anataka kuzikwa karibu na dada yake. Anataka Junaid amalize ugomvi na mdogo wake. Alikuwa na haya yote kifuani miezi na hapana aliyemfungulia mlango.

Akaniuliza kwa nini macho yangu yamevimba. Nikamwambia habari zako wewe mwenyewe, bila kujificha nyuma ya komba.

Jioni ile akamwita Junaid. Nilikuwa nimeshika bakuli, nikataka kutoka, akanambia nibaki. Akamwambia mwanawe, "Mpe msichana paspoti yake. Mimi nna wana saba. Mama yake ana huyu mmoja." Junaid akalia kama mtoto, Mama, mtu mzima yule na ndevu zake. Akaniomba radhi. Tiketi kakata mwenyewe.

Nafika Alkhamisi, tarehe tisa, saa nane mchana. Ningoje.

Mwanao,
Zuleikha


Kiponda, 4 Mei 2024

Zuleikha mwanangu,

Sumaiya anasema Alkhamisi. Leo Jumamosi. Naandika mwenyewe, ukiona mistari inapanda na kushuka ni mkono. Hii sikutumii, naiweka kwa Sumaiya, kama nipo tutaisoma pamoja tucheke.

Salamu zako za mwanzo na za mwisho nimezipokea. Barua uliyoniambia niichane imo chini ya mto. Ulikuwa na haki na unayo bado.

Hadithi tumeimaliza. Jumanne nilikuwa nimechoka, nikamtazama yule mtoto alivyokaa kwenye mkeka, nikasikia moyo umenilegea, nikasema, "Bibi Komba akaamka asubuhi, uvimbe umeondoka." Tahiya akanitazama. Akasema, "Bibi, usifanye hivyo." Ikabidi nirudi nyuma niseme inavyokwisha. Hakulia. Akaleta chungwa akanimenyea, nyama yote ikabaki kwenye ganda.

Kuna jambo moja sikumwambia yeye, halimo katika hadithi. Naogopa, Zuleikha. Mchana watu wakiondoka na mtoto yuko skuli, naogopa sana. Si moto wala kaburi, Mola wangu namtumaini. Naogopa kule kuondoka mwenyewe, bila kushika mkono wa mtu. Mtoto wa miaka sita habebeshwi hilo. Ni lako wewe, uliyekua.

Usimwambie Tahiya nimesafiri. Wewe umesafiri, na anangoja urudi. Akichanganya safari yako na yangu atakaa dirishani maisha yake yote.

Radhi zangu unazo zote.

Mama yako


Kiponda, 27 Mei 2024

Mama yangu,

Barua yako nimepewa na Sumaiya, na ulinifundisha barua haiachwi bila jibu. Salamu ya kukuuliza hali siwezi kuiandika, kalamu imesimama hapo muda. Nakuombea dua badala yake.

Nilikuja Alkhamisi kama nilivyosema. Sumaiya alinipokea uwanja wa ndege, amefunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Mama vipi?" Akasema, "Yupo, anapumzika." Garini nikauliza tena, akasema tufike kwanza. Kichochoroni wanaume walikuwa wamekaa barazani, wengi, wakaniitikia salamu bila kuniangalia. Mmoja akasema wamekuja kumtazama mgonjwa. Nilimwamini, mama. Nilikuwa na sanduku mkononi na dawa yako ya kuchua goti, na nilitaka sana kumwamini.

Tahiya alikuwa katikati ya ngazi. Kawa mrefu. Nilitaka kumkumbatia, akanizuia kwa mikono miwili, akasema, "Mama, bibi alikufa Jumanne. Wamemzika Mwanakwerekwe. Wamesema nisikwambie mpaka ule."

Juu mtu akamwita kwa ukali. Nikasema muacheni. Nikakaa pale pale kwenye ngazi na sanduku langu. Akakaa ngazi ya chini yangu, akaniegemea magotini, akaniachia nilie. Watu walipita wakitukwepa. Ilikuwa zamu yake kunijibu. Nilimuuliza kama ulikuwa peke yako. Akasema hapana, ilikuwa baada ya Alasiri, keshatoka chuoni, Sumaiya yupo, na yeye alikushika mkono, "huu wa kulia." Sijui kama hilo linakujibu ulichoniandikia. Mie limenijibu kidogo, na usiku mwengine halinijibu kabisa.

Junaid alinitumia habari wiki iliyopita. Bibi Ulfat naye amekwenda. Watoto wote saba walikuwepo.

Matanga yamekwisha, watu wamerudi makwao. Nimekosa mwaka na miezi katika nyumba hii na sijui vitu vinapokaa, Tahiya ndiye ananionesha. Kunizoea bado. Akiumia anamkimbilia Sumaiya. Simlaumu, namngoja.

Leo asubuhi kabla ya skuli alikaa mbele yangu nimsuke. Akaniuliza bila kugeuka, "Na wewe utakufa?"

Nilikuwa na kitana mkononi. Neno la uongo lilinijia mara moja, lilikuwa tayari mdomoni, tamu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Naam, mwanangu. Kila mtu. Lini sijui. Leo nipo, na mkataba nimeuvunja, Maskati sirudi."

Akafikiri. "Nani atakuwa ananisuka?"

"Mimi."

"Hujui kama bibi."

"Sijui. Ntajifunza."

Nikaanza mstari wa kwanza, umekwenda upande. Nikaufumua nikaanza tena, nikavuta kwa nguvu ili unyooke. Shingo yake ikakakamaa. Kisha akasema, "Mama, unaniumiza."

Nikalegeza mkono.

Mwanao,
Zuleikha